Tovuti inajaa wageni, oda ni tisa: nimwongeze fundi pesa?

Shangazi wa Dukani, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Moshi. Nashona makubazi na viatu vya wazi vya ngozi, vya kike na vya kiume, vingine natia shanga. Karakana yangu iko Majengo na nina vijana wawili wa kunisaidia. Miaka yote nilikuwa nauza kwa mkono: jirani anamleta jirani, na Desemba watu wakipanda nyumbani kwa Krismasi ndipo navuna.

Mwaka juzi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyeko Dar es Salaam, alinipa mtaji nifungue tovuti ili niuze mikoani. Nilipata fundi, kijana wa Arusha, ana adabu na simu anapokea. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha za ripoti, na ripoti hizo ndizo zinazoninyima usingizi.

Ya kwanza inatoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, anaiita AWStats. Mwezi wa nne ilionyesha hiti 41,380 na matembezi 3,950. Ya pili ni ya Google Analytics, na mwezi huohuo inasema watumiaji ni 712. Nilimuuliza ipi ya kweli, akasema zote. Shangazi, 3,950 na 712 zinawezaje kuwa kweli zote mbili? Hapo naona kuna mtu ananidanganya.

Oda za mwezi huo zilikuwa tisa. Tatu ziliingia kwa fomu ya kwenye tovuti, sita kwa WhatsApp. Fundi anasema wageni waliongezeka karibu mara mbili ya mwezi wa pili, kwa hiyo kazi yake imezaa matunda, anaomba nyongeza. Aliniambia pia niwe naweka matangazo kwenye status saa tano asubuhi kwa sababu grafu inaonyesha ndipo watu wanaingia kwa wingi. Naweka, lakini naongea peke yangu. Shemeji naye kachoka. Anasema nimechezewa, nifunge tovuti nibaki na Instagram tu.

Halafu kuna mji unaitwa Ashburn, Marekani. Kwa wageni ni wa pili baada ya Dar es Salaam. Vijana wangu wameanza kuniuliza tutafungaje mzigo wa huko. Na kwenye kundi letu la wafanyabiashara kuna mtu anauza wageni: 10,000 kwa shilingi 35,000. Nimeshawishika kidogo.

La mwisho, rafiki yangu anauza mikoba, ananiomba orodha ya namba za wateja wangu ili na yeye awatangazie. Sijui nimkatalie vipi, au hata kama kuna haja ya kukataa.

Nimekuambatanishia picha za ripoti zote nilizonazo na anwani ya tovuti. Naomba uniambie ukweli, hata kama unauma.

Mama Makubazi, Moshi

*

Marahaba mwanangu. Asante kwa picha, hasa ile ya ukurasa wa mipangilio ambayo nadhani uliituma kwa bahati mbaya. Imenisaidia kuliko zote, na nitafika huko.

Nianze na fundi wako, maana umemtilia shaka bure. Hakudanganyi. Hizo ripoti mbili zinahesabu vitu tofauti. Hiti ni kila faili ambalo seva imeombwa. Ukurasa wako wa makubazi ya kike una picha 24. Mtu mmoja akiufungua mara moja, seva inaandika hiti 24 za picha, moja ya ukurasa wenyewe, na nyingine za nembo, za herufi na za vijiprogramu vinavyoendesha ukurasa. Kujisifu kwa hiti 41,380 ni kama kuhesabu vidole vya miguu ukasema ndio idadi ya wateja. Ukiongeza picha kesho, hiti zitapanda bila mteja mpya hata mmoja. Futa hiyo namba kichwani.

Matembezi 3,950 yana unafuu kidogo, lakini seva inamwandika kila anayebisha hodi, wakiwemo roboti: wa Google anayekuja kusoma kurasa, wa kampuni nyingine za utafutaji, na wale wahuni wanaojaribu nywila usiku kucha. AWStats hujaribu kuwatenga wanaojitambulisha, ila wako wengi wanaojifanya binadamu. Google Analytics hufanya kazi kwa njia nyingine. Inategemea kijiprogramu kinachokimbia ndani ya kivinjari cha mgeni, yaani Chrome na wenzake, na roboti wengi hawakiendeshi, kwa hiyo hawaingii kwenye hesabu. Nayo ina mapengo yake: mtu aliyeingia kwa simu jana na kwa kompyuta ya ofisini leo anahesabiwa wawili, na anayetumia kizuia matangazo huenda asihesabiwe kabisa. Kwa biashara yako tumia hii ya pili, na uichukulie kama makadirio tu.

Hata kwenye hizo 712, wamo wasio watu. Ashburn ni mji wa jimbo la Virginia, si mbali na Washington, na unajulikana duniani kwa majumba makubwa ya seva. Ukiona wageni kutoka huko wanaingia ukurasa mmoja, wanakaa sekunde sifuri, wanatoka, ujue ni kompyuta zinazungumza na kompyuta. Waambie vijana wako waache kutafuta boksi, hao wageni hawana miguu. Mwombe fundi akutengenezee ripoti inayoonyesha Tanzania peke yake, ukitaka aongeze Kenya. Nimefanya hesabu hiyo kwenye picha zako: watumiaji wa Tanzania mwezi wa nne ni 455. Na humo mmo wewe, fundi na shemeji mnaofungua kila siku kuangalia kama tovuti iko hewani.

Sasa hao 455 walikuja kufanya nini? Angalia picha ya kurasa zilizosomwa. Inayoongoza kwa mbali ni ile makala yako ya namna ya kuondoa ukungu kwenye viatu vya ngozi. Na kwenye picha ya Search Console, ambayo inaonyesha maneno watu waliyoandika Google kabla ya kukuona, tatu za juu zote zina neno ukungu. Mwezi wa nne, mwanangu! Moshi, Arusha, Dar es Salaam, kote mvua za masika. Viatu vya ngozi vimelala kabatini tangu Pasaka, mtu anavitoa vimeota manyoya ya kijani, anakimbilia Google. Mwezi wa pili ni kiangazi, nani ana shida na ukungu?

Kwa hiyo kabla ya kuongea nyongeza, mwombe fundi aweke mwezi wa nne wa mwaka jana kando ya mwezi wa nne wa mwaka huu. Search Console inatunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo zipo. Kama mwaka jana pia grafu ilipanda mwezi huohuo, sifa ni za masika. Tabia hiyo hiyo uitumie Desemba. Usiilinganishe na Januari ukaanza kulia, wala na Novemba ukaanza kushangilia. Watu wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani mwisho wa mwaka na pesa mfukoni, Januari wanalipa ada. Desemba pambanisha na Desemba.

Makala ya ukungu usiifute. Ila uelewe kwamba anayeisoma ana kiatu tayari na anataka kukiokoa. Kumwekea pale chini picha kubwa ya kiatu kipya ni kumkosea. Mwekee nta ya ngozi au mafuta unayotumia mwenyewe karakanani, kopo dogo, bei imeandikwa. Kama unapokea viatu vya kukarabati, sema hivyo, na useme vinapokelewa wapi.

Walio karibu na pesa ni wengine. Teremka kwenye orodha ileile ya maneno: "bei ya makubazi ya kike", "makubazi ya ngozi bei", "makubazi ya harusi bei gani". Wapo pia wanaotafuta viatu vya kiwanda cha Karanga. Hao wanaona jina lako kwenye matokeo na kupita, hawakuhusu, waache waende zao. Lakini hawa wa bei ni wako kabisa. Wanabofya, wanafika. Wanakuta nini? Nimefungua ukurasa huo. Chini ya kila picha umeandika "Bei: njoo WhatsApp."

Mtu ameuliza bei Google, amepelekwa kwako, na wewe unamwambia aulize tena. Najua sababu zenu, nimezisikia kwa wauzaji wengi: washindani wataona, mteja akija nitapatana naye, makubazi ya shanga yanatofautiana. Basi andika "kuanzia". Mshindani wako akitaka bei atakutumia binamu yake WhatsApp na utamtajia vizuri tu. Unayemfungia mlango ni mteja mwenye haya ya kuuliza bei asiyoweza kuilipa, na yule aliye kwenye daladala asiye na muda wa kuanza mazungumzo. Weka bei kwenye kila kiatu na neno "bei" kwenye kichwa cha ukurasa. Kabla ya kitu kingine chochote, fanya hilo.

Haya, tufike penye uvujaji wenyewe. Katika picha zako watu 121 walifungua makubazi ya kike. Watu 34 walifungua fomu ya oda. Waliomaliza ni watatu. Wengine 31 walikuwa wameshachagua kiatu, wameshabofya "agiza", mkono uko mfukoni, wakaondoka. Ungewaokoa kumi tu kati yao, oda za mwezi zingekuwa 19 badala ya tisa, bila kumtafuta mgeni mpya hata mmoja. Ndiyo maana sijali kama walioingia ni 712 au 3,950.

Nikaijaza fomu yako kwa simu, niseme nilichokutana nacho. Kwanza imenitaka nifungue akaunti na nywila. Ya kununulia makubazi! Barua pepe ni ya lazima. Jina la kampuni. Nchi, na orodha inaanzia Afghanistan mpaka niifikie Tanzania kule chini. Msimbo wa posta ni wa lazima, na nilipoandika sifuri tano imekataa kwa maandishi mekundu ya Kiingereza. Saizi ya mguu, kitu ambacho fundi wa viatu ungekihitaji kuliko vyote, haijaulizwa. Gharama ya kutuma kifurushi inasema "utajulishwa". Nikamaliza, ikaniambia asante, tutawasiliana kwa barua pepe. Lipa namba sijaiona popote.

Fomu hiyo imekuja hivyohivyo na programu ya duka, imetengenezwa kwa watu wanaolipa kwa kadi na kuletewa mzigo mlangoni na posta. Mteja wako yuko Dodoma, atalipa kwa simu na mzigo ataufuata ofisi ya basi. Mwambie fundi aondoe akaunti, kampuni, msimbo na orodha ya nchi. Yabaki jina, namba ya simu, saizi, rangi, na mji pamoja na mahali pa kupokelea. Anayechukua Stendi ya Magufuli pale Mbezi achague Mbezi. Andika gharama ya kifurushi kwa kila mji kabla hajabonyeza chochote. Ukienda ofisi za vifurushi pale stendi ya Moshi utapata bei zote asubuhi moja. Kisha lipa namba iwe kwenye ukurasa wa mwisho, na jina litakalotokea kwenye simu yake akilipa, maana watu wanaogopa matapeli na wana haki. Kuhusu saizi, weka maelezo mafupi: simama juu ya karatasi, chora mguu, pima kisigino mpaka kidole kirefu kwa sentimita.

Hiyo ndiyo kazi ya kumlipa fundi. Nyongeza mpe kwa fomu, usimpe kwa mvua.

Tukiwa kwenye simu: tovuti yako ni nzito. Picha moja niliyoipakua ina zaidi ya MB 4, imetoka kwenye kamera ikaingia tovutini bila kupunguzwa. Mara 24, mtu akiteremka mpaka chini amekula karibu MB 100 za bando lake kuangalia viatu ambavyo bei haipo. Google wanapendekeza kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Pima mwenyewe bure kwa PageSpeed Insights, unabandika anwani ya ukurasa tu, unasoma matokeo ya simu na kuachana na ya kompyuta. Picha zipunguzwe na zihifadhiwe kwa WebP, muundo wa faili za picha ulio mwepesi. Fundi amekuandikia kwa fahari kwamba ushiriki ni asilimia 61. Google Analytics huita ziara ni ya ushiriki ikidumu zaidi ya sekunde 10, au mtu akifungua kurasa mbili, au akifanya tukio uliloliteua kuwa muhimu. Kwa uzito wa picha zako, sekunde 10 ni muda wa mtu kungoja kiatu cha kwanza kitokee.

Sasa ile picha ya mipangilio. Saa za ripoti zako zimewekwa za Los Angeles. Google Analytics mara nyingi huanza hivyo na mafundi wengi hawagusi. Mwezi wa nne Moshi iko mbele ya Los Angeles kwa saa 10. Kilele unachokiona kwenye grafu saa tano asubuhi, hapa kwetu ni saa tatu usiku: watu wamekula, watoto wamelala, mtu yuko kochini na simu. Ndiyo maana status yako ya saa tano haijibiwi. Fungua WhatsApp yako uangalie ujumbe wa wale sita waliingia saa ngapi, nadhani utacheka. Fundi abadilishe saa ziwe za Dar es Salaam. Mabadiliko yanaanzia hapo kwenda mbele, ya nyuma yatabaki yalivyo. Na wewe panga mtu wa kujibu kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kijana mmoja akipewa simu na orodha ya bei anatosha.

Akiwa humo kwenye mipangilio, asisahau muda wa kutunza data. Kwa ripoti za uchambuzi wa kina unaanza na miezi 2, auongeze uwe 14. Na kama unataka kujifunza mwenyewe YouTube, angalia tarehe ya video. Toleo la zamani la Google Analytics lilikoma kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na menyu unazoonyeshwa kwenye video za kabla ya hapo hutazikuta.

Umeniuliza kwa mzunguko Instagram inaleta nini, na jibu kwa sasa haliwezi kupatikana. Fungu kubwa la wageni wako limeandikwa "direct". Jina hilo linamaanisha tu kwamba Google Analytics haikujua walikotoka, na linki nyingi zinazobofywa ndani ya WhatsApp huishia humo. Dawa ni kuweka alama kwenye linki kabla ya kuituma. Mwisho wa anwani ya ukurasa unaongeza hivi:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=status&utm_campaign=masika

Ya Instagram unabadilisha neno la kwanza kuwa instagram, la pili kuwa wasifu. Andika kwa herufi ndogo siku zote, kwa sababu WhatsApp yenye herufi kubwa na whatsapp yenye ndogo zitahesabiwa kama sehemu mbili. Na usiziweke alama hizo kwenye linki za ndani ya tovuti yako, kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, utavuruga hesabu ya mgeni alikotoka. Kitufe chako cha WhatsApp nacho kinahesabika: kwa kuwa kinampeleka mtu nje ya tovuti, Google Analytics ya sasa inaweza kukiandika yenyewe kwenye matukio. Linganisha mibofyo hiyo na jumbe ulizopokea kweli. Wakibofya wengi na kuandika wachache, kuna kitu kinawakatisha njiani.

Lakini zaidi ya vyombo vyote, nunua daftari. Kila oda: tarehe, kiatu, mji, faida, na jibu la swali moja, "umetujuaje?" Mteja atakwambia "dada yangu alinitumia linki", na hilo hakuna grafu itakayokuonyesha. Tena oda zako ni chache; zikishuka kutoka tisa hadi saba usibadilishe kitu, huenda ni watu wawili tu wamesafiri. Kwa ukubwa wako, mwezi mmoja hautoshi kuhukumu. Soma miezi mitatu kwa pamoja.

Hapo ndipo unapopata cha kumwambia shemeji. Usimtumie tena picha za fundi. Mtumie namba tatu: waliofungua kurasa za viatu, waliobonyeza fomu au WhatsApp, waliolipa. Na mbele yake faida ya oda zilizopitia tovuti, ukitoa unacholipia kwa mwaka kwa jina la tovuti, seva na fundi. Mwombe miezi mitatu kuanzia siku fomu itakaporekebishwa. Ikipita na faida bado haifiki gharama, shemeji atakuwa sahihi, na hutakuwa na sababu ya kugombana naye. Kwa sasa sikushauri ufunge, kwa sababu anayeandika "bei ya makubazi ya kike" Google ana pesa mkononi usiku huo, na Instagram yako huenda asiione kabisa.

Kuna jambo hukuniuliza. Kwenye picha ileile ya mipangilio, barua pepe yenye mamlaka ya juu ni ya fundi peke yake. Sina neno baya juu yake, ila akipata kazi Mwanza kesho au simu yake ikiibiwa, kumbukumbu zote za biashara yako zimekwenda. Mwombe akuongeze kama msimamizi kamili kwenye Google Analytics na Search Console, na uhakikishe jina la tovuti limesajiliwa kwako. Ni ombi la dakika chache na fundi mwenye adabu hatanuna.

Wageni wa shilingi 35,000 achana nao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa hawaponyi mtu. Ni roboti, au ni watu wanaolipwa senti kufungua kurasa bila kuzisoma. Hawatanunua, na baya zaidi watachafua hizo takwimu ulizoanza kuzielewa: 121 zitazama ndani ya maelfu, na utakuwa umelipia upofu wako mwenyewe.

Rafiki yako wa mikoba mkatalie, na sababu unayo. Namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Mteja alikupa namba umtumie makubazi, hakukupa umtangazie mikoba ya mtu. Uliza Tume kuhusu usajili wako wewe pia, na andika kwenye tovuti, kwa Kiswahili cha kawaida, unakusanya nini na kwa nini. Rafiki yako mwambie akupe mikoba yake miwili mitatu uipige picha na viatu vyako. Akileta na bei zake, uziweke.

Shangazi wa Dukani